Mazoezi si ya kitambi tu: yanayotokea mwilini hata mzani ukigoma kushuka

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya siku chache anatokea mtu na lalamiko lile lile: "Nimepiga tizi mwezi mzima, mzani haujasogea hata kidogo, naacha." Wachangiaji nao wanamjia juu: ongeza makali, punguza kula, fanya alfajiri kabla hujaweka kitu tumboni. Hakuna anayemuuliza presha yake sasa ikoje, usingizi anaupata, au kama ngazi zilizokuwa zikimhemesha bado zinamhemesha.

Kwa hiyo naomba tuzungumze kuhusu vitu ambavyo mzani hauvioni. Mimi si daktari. Ni mtu wa tizi wa miaka mingi, napenda kusoma tafiti kuliko kuwasikiliza walimu wa jimu wanaouza unga wa protini. Uzi ni mrefu, asiye na muda aruke.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: anayepima mazoezi kwa kilo ataacha, na akiacha atapoteza kinga ambayo wala haikuwa inategemea hizo kilo.

MAKONDAKTA NA MADEREVA

Mwaka 1953 daktari Mwingereza aitwaye Jeremy Morris na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Kwa mtafiti, basi lile lilikuwa zawadi. Ndani yake wamo watu wawili wenye kipato kinachokaribiana, wanaoishi mitaa inayofanana, wanaoanza na kumaliza zamu pamoja. Tofauti ni kwamba mmoja amekaa nyuma ya usukani kutwa, mwingine anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, mamia ya ngazi kila siku ya kazi.

Morris akakuta makondakta wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na hata walioupata, ulichelewa kuwapata na haukuwaua mapema kama wenzao. Akaenda posta akakuta hali ileile: waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani wa mezani.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Watu walihoji, na kwa haki kabisa: huenda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo, basi unene ndio uliowaua. Morris akaomba kumbukumbu za sare za kazi, akaangalia vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walivaa suruali pana zaidi. Lakini alipowagawa watu kwa ukubwa wa kiuno, kondakta mwembamba alikuwa salama kuliko dereva mwembamba, na kondakta mwenye kitambi alikuwa salama kuliko dereva mwenye kitambi. Ngazi zilimlinda mtu na kitambi chake.

Huyo Morris mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 99. Mtu mmoja si ushahidi, najua, ila nimeshindwa kujizuia kulitaja.

MOYO NA PRESHA

Moyo ni msuli. Ukiulazimisha kufanya kazi mara kwa mara, chumba chake cha kushoto kinapanuka na kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Ndiyo maana mtu aliyezoea mazoezi akipumzika mapigo yake huwa ya chini. Wakimbiaji wa mbio ndefu wengine wako kwenye 40 na kitu kwa dakika wakati sisi wengine tuko 70 au 80, na wala si wagonjwa.

Mishipa nayo haikai kimya. Damu inapopita kwa kasi husugua ukuta wa ndani wa mshipa, ukuta unajibu kwa kutoa naitriki oksaidi, na hiyo inaulegeza mshipa. Presha hushuka baada ya zoezi na inaweza kubaki chini kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake. Ukirudia kabla nafuu hiyo haijaisha, wiki kwa wiki, mwenye presha ya kupanda anaweza kushusha namba ya juu kwa wastani wa kati ya 5 na 8. Kwenye karatasi inaonekana ndogo, lakini kwa upande wa kiharusi na shambulio la moyo ni kubwa, na kuna dawa zinazoshusha kiasi hichohicho.

Ila tusielewane vibaya: hakuna mahali nimesema uache dawa zako.

SUKARI: HAPA NITAKAA KIDOGO

Sehemu hii naiona kama inadharauliwa kuliko zote.

Ukimaliza kula, glukosi inapanda kwenye damu, na sehemu kubwa ya glukosi hiyo inatakiwa iingie kwenye misuli. Ili iingie, inahitaji vibebeo vinavyoitwa GLUT4. Vibebeo hivi kwa kawaida vimejificha ndani ya seli vikisubiri amri ya insulini, ikija amri vinapanda juu kwenye ukuta wa seli na kupokea sukari. Kwa mtu anayeelekea kwenye kisukari cha aina ya pili, insulini ipo lakini misuli imekuwa mizito kuisikia. Kongosho linaongeza sauti, linatoa insulini zaidi na zaidi, mpaka linachoka.

Sasa mtu huyuhuyu ainuke atembee haraka. Msuli wa paja ukianza kujikunja na kujikunjua, vibebeo vile vinapanda juu vyenyewe bila kungoja insulini. Yaani hata kama masikio ya msuli kwa insulini yameziba, kazi ya msuli ina njia yake ya kuingiza sukari. Na ukishakaa chini, msuli bado unavuta glukosi kujaza akiba uliyoitumia, na kwa siku moja hadi mbili unakuwa mwepesi kuisikia insulini kuliko kawaida.

Siku moja hadi mbili, kisha inaisha. Ndiyo maana wataalamu wa kisukari wanashauri usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila zoezi. Hakuna cha "mwaka jana nilifanya sana." Misuli haina kumbukumbu ya aina hiyo.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu 3,234 ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Kundi moja lilipewa metformin (dawa ya kisukari), jingine likapewa lengo la kupunguza 7% ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, la tatu likapewa kidonge kisicho na dawa. Ukilinganisha na hao wa kidonge mfu, metformin ilipunguza wanaopata kisukari kwa 31%, na kubadili mwenendo kwa 58%.

Atatokea mtu aseme, hiyo ni kwa sababu walipungua. Ni kweli kupungua kulichangia sana. Lakini watafiti waliwachambua peke yao wale waliofeli lengo la uzito. Miongoni mwao, waliotimiza dakika 150 walipata kisukari kidogo kwa 44% kuliko wenzao ambao hawakutimiza. Yule anayelia mzani haujasogea angekuwemo kwenye kundi hilo, na angekuwa anafaidika bila kujua.

VIJANA WATANO KITANDANI

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu wakiwa wazima. Walipoinuka, uwezo wa mwili wao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye walitafutwa tena, sasa wana miaka 50, wengine na vitambi. Walipopimwa ikaonekana wiki tatu za kitanda ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wakapewa miezi sita ya mazoezi ya kupanda taratibu, na uwezo wao wa wastani ukarudi pale ulipokuwa kabla ya kulazwa ujanani.

Mengi tunayoyaita uzee ni kukaa.

NGUVU ZA MISULI

Kuanzia miaka ya 30 mtu huanza kupoteza misuli, kati ya 3% na 8% kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Haionekani mpaka siku moja unamwona mzazi anainuka kwenye kiti: anasogea ukingoni, anaweka mikono miwili kwenye magoti, anayumba mbele mara moja, mbili, ya tatu ndiyo anainuka. Huyo mapaja yamekwisha. Akijikwaa hayatamshika.

Habari njema ni kwamba umri haufungi mlango. Mwaka 1990 lilitoka jaribio la Marekani lililochukua wazee dhaifu kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wa miaka 86 hadi 96, wakafanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane chini ya uangalizi. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa 174%. Baadhi walianza kutembea bila fimbo.

Jipime nyumbani: kiti imara kisicho na magurudumu, egemeo likiwa ukutani, mikono umekunja kifuani. Inuka wima kabisa, kaa, rudia kwa sekunde 30. Kwa mwenye miaka 65 hadi 69, mwanaume asiyefika mara 12 na mwanamke asiyefika 11 yuko chini ya wastani. Kijana ukiishia hapo, ujitafakari.

Mifupa sitaiongelea sana. Inaimarika ikibeba mzigo na kutikiswa, kwa hiyo kuogelea na baiskeli ni nzuri kwa moyo lakini haziusaidii mfupa kama kutembea, kuruka na kubeba vizito. Wanaanga hufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku huko juu kwa sababu bila uzito mfupa wa nyonga hupungua zaidi ya 1% kwa mwezi.

KICHWA

Wengi waliodumu na mazoezi hawakudumu kwa sababu ya afya ya moyo. Walidumu kwa sababu wakiacha wanakuwa na hasira na hawalali. Tafiti zinaonyesha mazoezi yanapunguza dalili za sonona na wasiwasi, na kwa sonona ya wastani matokeo yake si ya kubezwa hata mbele ya matibabu mengine. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wazee 120: nusu walitembea mara tatu kwa wiki, nusu walifanya ya kujinyoosha tu. Baada ya mwaka, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliongezeka kwa karibu 2% kwa waliotembea, kwa wengine ikapungua kama kawaida ya umri.

Saratani nayo: hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya titi ni ndogo kwa wanaofanya mazoezi. Na 2025 lilitoka jaribio la wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwishamaliza kemotherapi. Waliopewa programu ya mazoezi ya miaka mitatu walikuwa na hatari ndogo kwa 28% ya ugonjwa kurudi, saratani mpya au kifo, ukilinganisha na waliopewa vijitabu vya ushauri.

SASA KIASI GANI?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020: mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, au mchanganyiko, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Watoto wa miaka 5 hadi 17, wastani wa dakika 60 kila siku. Waliofika 65 waongeze ya kujenga mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba, siku tatu kwa wiki. Zamani mwongozo ulitaka kila kipande kifike dakika kumi ndipo kihesabiwe, sharti hilo limeondolewa. Ngazi za dakika mbili zinahesabika.

Wastani ni upi? Unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Makali ni pale unapotoa maneno machache kisha unavuta pumzi. Huhitaji saa ya mkononi ya bei mbaya.

Na zile hatua 10,000 zinazowanyima watu raha: namba hiyo ilipata umaarufu kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Ilikuwa biashara. Utafiti wa 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulionyesha waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, nafuu ikaendelea kupanda mpaka kama 7,500 kisha ikatulia. Faida kubwa kuliko zote iko kwa anayetoka kwenye sifuri.

Karibuni, anayepinga apinge kwa hoja.

---

Pumzi Fupi: Mkuu umeshusha nondo. Swali langu: kazi yangu ni ya kukaa, kila siku niko kwenye kiti kwa muda wa saa nane mpaka tisa. Jioni nakimbia nusu saa. Nasikia kukaa kunafuta faida yote. Ni kweli?

Mleta uzi: Haifuti mkuu. Mwaka 2016 The Lancet lilichapisha uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya milioni moja. Waliokaa zaidi ya saa nane kwa siku lakini wanafanya dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku, hatari yao ya ziada ya kufa mapema ilikuwa imeondoka. Nusu saa yako, hasa kwa kuwa unakimbia, imeshapunguza sehemu kubwa. Kilichobaki ongezea kwa kukatisha kukaa: simu ongea umesimama, na ukishakula tembea dakika kumi. Hizo dakika kumi za baada ya chakula sukari inazihisi.

Chuma Mkononi: Naheshimu uzi ila kutembea si mazoezi. Hayo ni maisha ya kawaida. Watu wanadanganyana, wanatembea huku wanachezea simu halafu wanajiita wanamichezo. Nyanyua chuma, mwili ubadilike.

Mleta uzi: Nusu nakubaliana na wewe. Anayetembea miaka yote bila kugusa zoezi la nguvu, mapaja na mgongo vitakuja kumdai. Lakini makondakta wa London hawakunyanyua chuma. Kwa mtu wa kilo 110 ambaye hajawahi kufanya chochote, mwendo wa haraka dakika kumi ni mazoezi makali, mapigo yake yatakuambia. Kipimo ni mwili wa anayefanya.

Chuma Mkononi: Sawa, lakini aongeze mzigo baadaye. Asiishie hapo miaka kumi.

Mleta uzi: Hapo sina ubishi.

Mzee wa Benchi: Vijana hamjambo. Nina miaka 68, natumia dawa za presha, mojawapo daktari alisema inapunguza mapigo ya moyo. Nikitembea najitahidi mapigo yafike ile namba iliyoandikwa kwenye chati ya umri, hayafiki. Nikilazimisha nasikia kizunguzungu. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usiilazimishe hiyo namba. Kama ni dawa ya kundi la beta bloka, kazi yake ndiyo hiyo, inayazuia mapigo yasipande, kwa hiyo chati ya umri haikuhusu. Tumia kipimo cha kuongea alichokieleza mleta uzi. Kizunguzungu mwambie daktari wako mapema, kabla ya kuendelea kuongeza mwendo. Ukimaliza usisimame ghafla, punguza mwendo kwa dakika tano mpaka kumi, kwa sababu presha hushuka baada ya zoezi na dawa nayo inashusha. Na ukisikia kifua kinabana, maumivu yanayoenda kwenye taya au mkono, au unakosa pumzi kuliko kazi unayofanya, simama na utafute huduma ya dharura. Usikae kusubiri ipite.

Mzee wa Benchi: Marahaba mwanangu. Nitamwona.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Nyongeza ndogo: weka na mazoezi ya mizani ya mwili. Simama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika meza, tembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Uchambuzi mkubwa wa 2019 ulionyesha mazoezi ya aina hiyo yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Kuvunjika nyonga katika umri huo ni jambo zito.

Nesi wa Zamu: Na niseme la wenye kisukari, maana uzi umewapa moto. Anayechoma insulini, au anayetumia vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kitu cha wanga kwanza. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya zoezi, hata usiku, kwa hiyo siku ya zoezi zito apime na kabla ya kulala. Akague nyayo kila siku. Kidonda kidogo cha raba mpya kwa mguu usiohisi maumivu kinaweza kumfikisha pabaya. Anayetumia metformin peke yake hatari ya kushukiwa sukari ni ndogo.

Mama Kijacho: Jamani mimi mjamzito wa miezi mitano. Mama mkwe ananiambia nikae tu, nisije nikaumiza mtoto.

Nesi wa Zamu: Hongera dada. Kama kliniki hawajakukataza kwa sababu maalumu, mazoezi ya wastani yanaruhusiwa, na mwongozo ni uleule wa dakika 150 kwa wiki. Yanapunguza uwezekano wa kisukari cha mimba na kifafa cha mimba. Epuka michezo ya kugongana, yenye hatari ya kuanguka, na mazoezi ya kulala chali muda mrefu kwa miezi uliyofikia. Ukiona damu, maji yanatoka, au tumbo linakaza mara kwa mara, acha na uende kituoni. Mama mkwe mpeleke kliniki siku moja asikie mwenyewe, huwa inasaidia kuliko kubishana.

Kitambi Sugu: Mimi nipo hapa kwa ajili ya kitambi tu wakuu. Kwa hiyo mnasema mazoezi hayapunguzi uzito?

Mleta uzi: Yanapunguza kidogo, kwa wengi. Fanya hesabu: mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa anachoma kama kalori 150. Soda moja inazirudisha kabla hujakaa vizuri. Na mwili ni mjanja, ukichoka jioni unakaa zaidi, na njaa nayo inakuja na madai yake. Kilo zinaondoka zaidi kwa chakula, mazoezi kazi yake kubwa ni kuzizuia zisirudi na kulinda misuli wakati unapungua. Ila kwa kitambi chako kuna habari: mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo mabaya, yanaweza kupungua hata mzani ukisoma vilevile. Tumia utepe wa fundi cherehani kiunoni badala ya mzani.

Kitambi Sugu: Na yale ya tumbo, kulala na kuinuka? Nafanya mengi mno.

Chuma Mkononi: Yanajenga msuli wa tumbo, mafuta ya juu yake hayasikii. Huchagui mwili utoe mafuta wapi. Fanya mapaja na mgongo, ndiyo misuli mikubwa.

Jumamosi Jumapili: Sisi ambao nafasi ni wikiendi tu tumekwisha?

Mleta uzi: Hapana. Mwaka 2023 kulitoka uchambuzi wa watu karibu 90,000 wa Uingereza waliovalishwa vifaa vya kupima mwendo. Waliokusanya dakika zao 150 kwa siku moja au mbili walikuwa na kinga ya moyo inayokaribiana na waliozigawa wiki nzima. Kwa moyo uko salama. Kwa sukari bado ningekushauri uweke kitu katikati ya wiki, hata dakika 15, kwa sababu ile ya siku mbili niliyoieleza. Na upashe mwili moto vizuri. Misuli iliyolala siku tano ukiikurupusha ghafla ndiyo inayochanika.

Pumzi Fupi: La mwisho mkuu. Niliugua homa nikakaa wiki mbili bila kufanya kitu. Jana nimerudi, nilivyohema utadhani sijawahi kukimbia. Nianze upya kabisa?

Mleta uzi: Huanzi upya. Pumzi ndiyo inayotoka haraka, wiki mbili zinatosha kuisikia imepungua, lakini ndiyo inayorudi haraka pia. Nguvu za misuli hukaa zaidi. Kama homa imekwisha kabisa na kifua hakina shida, rudi na nusu ya muda uliokuwa unakimbia, mwendo wa kuongea, ongeza kidogo kidogo kila wiki. Mapigo ya asubuhi kabla hujainuka kitandani yakiwa juu kuliko kawaida yako, siku hiyo tembea tu.